Namna ya Kununua Kiwanja cha Rais

Ndugu mnunuzi, kabla hujatoa hata shilingi, elewa kwamba Tanzania Bara hakuna mtu mwenye ardhi ya kukuuzia. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, na Mwingereza naye alikwisha kutangaza ardhi kuwa ya umma tangu 1923. Wale wachache waliobaki na umiliki wa milele, milele yao iligeuzwa kuwa miaka 99 mwaka 1963. Kwa hiyo mzee anayenyoosha bakora kule Kisarawe na kukwambia "hadi pale kwenye mwembe ni pangu", anatunga shairi. Msikilize kwa adabu, halafu umuulize anauza nini hasa.

Anauza ama karatasi ama mashahidi. Ukishika hilo, mengine yote ni hesabu: kadiri karatasi ilivyo dhaifu, ndivyo utakavyohitaji watu wengi zaidi siku ya kutia saini, na soda nyingi zaidi.

Karatasi yenye hadhi kuliko zote ni hati miliki. Hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kwenye kiwanja kilichopimwa, chenye namba na vigingi vya zege ambavyo mafundi wa jirani hupenda kuving'oa. Kila mwaka utalipa kodi ya pango la ardhi. Ndiyo, pango, kwa kitu ulichonunua. Usipolipa na usipoendeleza kiwanja, miliki yako inaweza kufutwa. Wengi wenye hati hawakai nayo nyumbani: iko benki, imeshikwa dhamana ya mkopo, nao wanalala usingizi mzuri wakijua karatasi yao ipo mahali salama kuliko wao.

Kama fedha hazitoshi, usihofu. Lipo soko la ardhi isiyopimwa, na huko ndiko wengi wetu tulikojenga. Huko kiwanja hupimwa kwa hatua: ishirini kwa ishirini, thelathini kwa ishirini. Sheria haisemi hatua za nani. Muuzaji ataleta mjomba wake mfupi mwenye goti bovu, basi nawe jiandae. Katika kila ukoo yupo kijana mmoja mrefu asiye na kazi, na hii ndiyo siku aliyozaliwa kwa ajili yake.

Dalali atakupeleka kuona eneo mwezi wa Agosti, jua likiwaka na udongo ukiwa umekauka vizuri. Atakuonyesha upepo. Ukitaka kumuudhi, mwambie utarudi Aprili, masika ikiwa imekolea, uone kama kiwanja bado kipo au kimegeuka mto. Akikwambia barabara kubwa itapita karibu, muulize karibu kiasi gani, maana wapo waliosogezewa barabara hadi sebuleni, wakachorewa na alama ya X nyekundu ukutani bila kutozwa rangi.

Mauziano yenyewe hufanyika ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti atagonga mhuri, na mara nyingi utasikia habari ya asilimia kumi, inayotajwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni ugonjwa wa mtu. Mhuri huo unathibitisha kwamba mlikutana. Haukupi hati. Ndiyo maana hapa ndipo pa kujaza mashahidi: majirani wa pande zote nne, na hasa mke wa muuzaji, kwani nyumba ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Kama ni mali ya urithi, dai barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, kisha uulize taratibu kama marehemu alikuwa akisafirisafiri. Watoto wa safari hufika baada ya wewe kupaua.

Serikali ilipoanza kutoa leseni za makazi mijini, wenye nyumba kwenye ardhi isiyopimwa walipata cha kuning'iniza ukutani. Leseni ni ya muda mfupi na inahuishwa, lakini jina lililoandikwa ni lako.

Kichekesho kikubwa kiko kijijini. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, mwanakijiji anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila isiyo na ukomo wa miaka. Mwenye jumba Masaki anahesabu miaka iliyobaki. Mlima mihogo hana haja. Ila ukitoka mjini na gari lako kwenda kuomba umilele huo, utapitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na huko watu wana muda wa kukutazama.

Ghorofani, kwa Sheria ya 2008, unamiliki sehemu yako ya jengo, na ngazi mnagawana na watu msiosalimiana. Ukivuka kwenda Zanzibar jihadhari zaidi: ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ya mwingine, na wote wawili wana haki ya kukuangalia vibaya. Mgeni asiye raia hapati ardhi Bara ila kwa uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Wanaoamua kuandikisha kiwanja kwa jina la mchumba huwa wanawekeza pia, ila katika tabia ya mtu.

Kama kiwanja kina hati, nenda kwa Msajili wa Hati ukafanye upekuzi kabla ya kulipa. Ada yake ni ndogo, na dalali atakwambia unapoteza muda. Hicho ndicho kipimo kwamba hupotezi. Ukishalipa, jenga ukuta haraka, na uandike kwa herufi kubwa: KIWANJA HIKI HAKIUZWI, pamoja na namba yako ya simu. Dalali wa kwanza atakupigia jioni hiyohiyo kuuliza bei.