Namna ya Kulipa Deni Lisiishe: Mwongozo kwa Mkazi wa Kibiti na Delta

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mkazi wa Kibiti, Bungu, Jaribu Mpakani, Nyamisati na visiwa vya delta ya Rufiji ambaye simu inamdai, taasisi inamdai, kikoba kinamdai na muuza duka naye ana daftari lake. Watu wa mjini wana kadi za benki za kukopea. Sisi kadi yetu ni simu ya batani, na matokeo yake ni yaleyale. Fuata hatua zifuatazo kwa uaminifu, nawe utalipa mwaka mzima, kisha mwakani utaendelea pale ulipoishia.

Hatua ya kwanza: usiandike popote

Deni likiandikwa linajulikana, na likijulikana linaanza kukunyima usingizi. Yaweke yote kichwani. Ukithubutu kuchukua kalamu utagundua mambo ya kuudhi. Kwa mfano, ile Songesha ya M-Pesa uliyoitumia siku salio lilipopungua kidogo kwenye kununua umeme inalipwa kabla yako: mwanao akituma hela kutoka Dar es Salaam, simu inakata chake kwanza, wewe unaachiwa ujumbe. Kesho salio linapungua tena, unasongesha tena. Asiyeandika huona kwamba mwanae siku hizi anatuma kidogo, na humlaumu mkwe.

Hatua ya pili: mlipe kwanza anayepiga kelele

Madeni yana tabia mbili, kelele na ukali, na mara nyingi haviendi pamoja. Muuza duka anapiga kelele mbele za watu, lakini kilo tatu za sembe ulizokopa zitabaki kilo tatu hata ukichelewa mwezi. Kikoba kinakusema kwenye kikao, lakini riba yake mtagawana wenyewe siku ya kuvunja. Simu haisemi neno, na ada inahesabiwa kila deni linapolala. Basi mkimbilie mwenye sauti kubwa, umnyamazishe. Wale wanyamavu waache wanone.

Hatua ya tatu: kopa ulipe

Hapa ndipo ufundi ulipo. Simu ikikubana, nenda kwa kausha damu, yule mkopeshaji wa mtaani wa marejesho ya kila wiki. Tuseme umeomba 200,000. Utalipia fomu 20,000 palepale, hivyo mkononi utabaki na 180,000. Marejesho ni 25,000 kila wiki kwa wiki kumi, jumla 250,000. Umepokea 180,000, umerudisha 250,000, umepoteza 70,000, na hakuna aliyekuibia, maana dole gumba kwenye fomu ni lako.

Wiki ya nne ukikosa rejesho, chukua mkopo kwa kausha damu wa pili umlipe wa kwanza. Wa pili akikuwakia, yupo wa tatu. Mwisho watakuja kubeba godoro, jiko la gesi na sabufa, na wewe ndiye utakayewaonyesha mlango ulipo.

Ili hatua hii ifanikiwe, usiulize leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu inamzuia mkopeshaji wa daraja la pili, yaani asiyepokea amana, kutoza riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa zile 200,000, hata ukihesabu miezi miwili na nusu, riba ni 17,500. Ukiyajua haya unaweza kuharibu mkopo mzuri kabisa kwa kuuliza swali moja.

Wenye simu janja nao wasibaki nyuma. Wapo wakopeshaji wa mtandaoni wanaoomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Bonyeza "kubali". Siku ukichelewa, shemeji zako, imamu na mwalimu mkuu wote watapata habari. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Itumie orodha hiyo kama saraka.

Hatua ya nne: lipa kwa kalenda ya mkopeshaji

Delta ina kalenda yake. Bamvua likija kamba wanapatikana, maji mafu yakiingia nyavu zinakaa juani. Mpunga unavunwa katikati ya mwaka, korosho zinaanza kuingia ghalani Oktoba. Mkopeshaji ana Jumatatu tu. Mkubalie Jumatatu yake, na usimwambie kwamba wewe mapato yako yanafuata mwezi wa angani. Kama unakaa Maparoni, ongeza nauli ya boti hadi Nyamisati, gari hadi Bungu, kisha Kibiti mjini. Siku nyingine nauli itakaribia rejesho lenyewe. Lipa vyote na urudi umechoka.

Hela ikikatika katikati ya msimu, ipo kangomba. Mnunuzi anakuja mkorosho ukiwa bado una maua, anakupa hela kidogo, anaandika kilo nyingi. Msimu ukifika wenzako wanapeleka kwenye chama cha ushirika, AMCOS, na kusubiri mnada, wewe unawahesabia wengine magunia.

Hata wa mnada asijione mjanja sana. Tumia hela ya korosho kabla haijaingia, kwa kuwa bei imeshatangazwa redioni. Msimu wa 2018/19 serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei tamu kweli, na wakulima wengi wakakaa wakisubiri malipo huku walioahidiwa wakigonga mlango. Kuhusu mpunga, usiweke akiba kwa ajili ya mafuriko. Mto ulipofurika mwaka 2024 na kufunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, mafuriko hayakumfutia mtu rejesho la Jumatatu.

Hatua ya tano: bana matumizi

Kubana matumizi ni muhimu, ila bana panapostahili. Punguza sukari ya chai ya watoto. Zima taa mapema. Lakini usiguse shughuli: jirani akimtoa mwali, sare ununue, ukatunze ngomani noti mpya zionekane, na siku ya wako upige turubai kubwa kuliko lake. Ukiwa ngomani salio likipungua, songesha.

Hatua ya sita: omba mkopo wa halmashauri, ukalipie madeni

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Undeni kikundi, andikeni andiko la ufugaji wa kuku, mpokee fedha, mgawane siku hiyohiyo, kila mmoja akamalizane na kausha damu wake. Afisa Maendeleo ya Jamii akija kukagua banda, mwonyesheni jogoo wa jirani.

Hatua ya saba: tupa laini

Yote yakishindikana, vunja laini uitupe mkondoni. Usikumbuke kwamba tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na kwamba jina lako liko kwenye namba ya NIDA. Deni litakungoja kwenye laini mpya, na siku utakapohitaji mkopo wa benki wa kununulia mashine ya boti, taarifa zako zitakuwa zimefika kabla yako.

Kwa wasioupenda mwongozo huu

Wapo wakaidi wanaotaka deni liishe. Hao huandika kila deni, anayedai na linavyoongezeka kwa wiki. Huzima huduma ya kusongesha salio mara deni lake likiisha, ili hela inayoingia ionekane yote. Huanza na deni linalokua haraka, hata kama mwenyewe hana kelele, na kwa muuza duka huenda wenyewe kuomba muda, maana anayekuja kuomba muda hatangazwi. Hupanga marejesho kwa bamvua na mavuno, na mkopeshaji asiyekubali humwacha. Shughuli husogezwa mbele mwaka mmoja. Mwali haharibiki.

Mkopo hauui mkopo. Deni linaisha kwa kuuza kitu na kutotumia chote ulichouza. Kabla ya kuweka dole gumba kwenye karatasi ya mtu, jua utauza nini, lini na kwa nani. Kama hujui, rudisha kalamu yake, uende zako nyumbani.