Heko kwa Mita Mwongo

Vifaa vyema havihitaji wa kuvisifia. Bei yao inatosha. Anayehitaji wakili ni ile mita ya njano ya kidijitali, ya ukoo wa DT830, inayoning'inia kwenye maduka ya Kariakoo ikiwa na nyaya zake mbili, mwekundu na mweusi. Fundi redio anayo, fundi sola anayo, fundi umeme wa magari anayo. Wote wanailaani, na hakuna aliyeitupa. Leo naisimamia mimi.

Nianze na ukarimu wake. Chakula chake ni betri ya kisanduku ya volti 9. Betri hiyo ikichoka, ungetarajia mita nayo ichoke, isome pungufu. La hasha, inasoma zaidi! Betri ya gari iliyobakiwa na volti 12, yaani iliyokaribia kwisha, inaweza kutunukiwa 14. Kisa chake ni kwamba mita haizijui volti. Inachojua ni kulinganisha. Ndani yake mna volti ya rejea, na kila inachokigusa hukipima kwa hiyo. Betri yake ikishuka mno, rejea nayo hushuka, na rula ikishapunguka, kitambaa kilekile huwa kirefu. Wataalamu huiita hiyo hitilafu. Mimi naiita moyo wa pekee: yenyewe inakufa njaa, na bado inawaona wenzake wote wameshiba. Wahenga waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakuwahi kuona mita iliyosahauliwa betri. Uongo wake hudumu miezi, na wateja hurudi nyumbani na betri mbovu, nyuso zikiwa na furaha.

Sifa ya pili ni nidhamu. Mwongo wa kijiweni leo atakwambia hivi, kesho vile. Mita hudanganya kwa utaratibu unaoweza kuufuatilia. Ukishaiwekea betri mpya, na bado inazidisha au inapunguza kwa kiwango kilekile kwenye kila safu ya volti, basi mkosaji ni rejea. Fungua skrubu za nyuma utakuta kirekebishio kidogo, kinachogeuzwa kwa bisibisi ya fundi saa, kazi yake kuiweka rejea kwenye milivolti 100. Ikidanganya kwenye safu moja tu na nyingine zikawa sawa, ukigusa kirekebishio hicho utaziharibu nzima ili kumfurahisha mgonjwa mmoja. Hapo tafuta rizista ya safu ile. Namba zikicheza ngoma bila kutulia, tazama waya uliokatikia ndani ya gamba lake pale unapoingia kwenye mshikio, au vigusio vya swichi vilivyoshika uchafu. Spiriti na kitambaa safi hutosha. Lakini fundi wa kwetu huanza na kirekebishio, kwa sababu ndicho kinachozunguka.

Nayo rizista huungua kwa njia moja maarufu mno. Mtu alikuwa anapima ohmu, akaitwa, akarudi, akachomeka ncha kwenye soketi ya ukutani bila kugeuza kitufe. Volti 230 huingia mahali palipoandaliwa kwa volti chache. Mita haifi! Inaendelea kuonyesha namba, kwa sauti ileile ya uhakika, na hapo ndipo ninapoivulia kofia. Kwa kuwa rizista zilezile za kupimia ohmu mara nyingi ndizo zinazogawanya volti, jeraha moja huzaa uongo wa sehemu mbili. Pete za rangi zikiwa zimeungua, thamani yake haisomeki tena; inabidi umfungue ndugu wa mita hii aliye mzima umchungulie.

Kisha kuna swali la kuirekebisha kwa kulinganisha na nini. Ya jirani? Nayo ni ya duka lilelile. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya ugezi, ya kuhakiki vipimo, lakini nani atambeba mwongo wa bei ya chakula cha mchana hadi mbele ya wataalamu wale? Njia ya katikati ni kununua kichipu cha rejea cha volti 2.5, kisichopenda mzaha, na kumtazamisha mita hapo. Betri mpya ya redio haifai kuwa shahidi: imeandikwa 1.5, lakini ikitoka dukani huweza kufika 1.6.

Mashtaka mengine ni ya kuonewa. Unganisha rizista mbili za megaohmu moja kwa mfuatano kwenye volti 9, kisha pima katikati. Hesabu inasema 4.5; mita ya njano itasema 3. Haijadanganya. Yenyewe ina upinzani wa megaohmu moja hivi, kwa hiyo imekaa mezani ikala, na zilizobaki kweli ni 3. Vivyo hivyo kwenye inveta za bei nafuu zenye wimbi la ngazi ngazi. Mita hupima wastani wa wimbi, kisha hulihesabu kana kwamba ni wimbi laini la gridi. Inveta inayotoa 230 halali itasomwa 180 hivi, na mwenye nayo ataibeba kurudi dukani kugombana. Muuzaji atatoa mita yake, nayo ya njano, nayo itasema 180. Sijui kifaa kingine kinachoweza kuwapatanisha mnunuzi na muuzaji katika kosa moja kwa haraka namna hiyo.

Jambo moja tu silitetei. Tundu la ampea 10 kwenye mita hizi halina fyuzi. Limeandikwa hivyo hivyo usoni mwake, kwa herufi ndogo. Nyuma yake pana kipande cha waya mnene na basi. Ukigusa soketi ya ukutani waya mwekundu ukiwa hapo, mita haisemi uongo tena, inalipuka. Kabla hujachomeka ncha kwenye soketi ya ukutani, tazama waya mwekundu umekaa tundu lipi.