Jinsi ya Kuhamia Mbinguni Ukiwa Bado Manyamanyama

Kwanza kabisa, usiuze shamba. Wapo wanaosikia mahubiri ya kutanguliza mambo ya mbinguni, wanarudi nyumbani na kuanza kulitazama jembe kana kwamba ndilo linalowazuia kuokoka. Jembe halina kosa. Bwana Yesu alikuwa seremala kabla hajaanza kuhubiri, na wanafunzi wake wa kwanza aliwakuta ziwani na nyavu zao, kama ambavyo angewakuta leo vijana wetu wa Ghuba ya Speke. Shamba libaki, duka libaki, ng'ombe wabaki zizini. Kinachobadilika ni nani mwenye neno la mwisho siku faida na Mungu vinapovutana.

Kuhusu akiba, huku kwetu somo ni jepesi kulielewa. Injili inataja nondo, kutu na wezi. Mkristo wa Bunda anayelima jirani na Serengeti anaongeza tembo. Mahindi uliyoyapalilia miezi mitatu yanaliwa usiku mmoja, asubuhi unabaki na nyayo. Na wizi wa ng'ombe hakuna haja ya kumweleza mtu wa Mara. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba hazina ya duniani haina mlinzi wa kuaminika, sisi tunajua hivyo tangu utotoni. Ajabu ni kwamba tunajua, na bado tunaitegemea.

Sasa tuje kwenye hatua ambayo ni ngumu kuliko kufunga siku 40: chukua sado unalopimia sokoni, ligeuze, ulitazame kitako. Kama kimebonyezwa kwa moto kikaingia ndani, hapo ndipo safari yako ya mbinguni ilipokwama. Namna ya kuuza kwa sado la aina hiyo tunaifahamu wote. Muuzaji anamimina dagaa taratibu ili wasishikane, anawapandisha juu mpaka wafanye kilele, mteja anafurahia kilele na kusahau shimo lililo chini. Huyo huyo muuzaji jioni yuko mazoezi ya kwaya, anaimba sauti ya tatu bila kukosea. Ndugu yangu, kwaya ni njema, endelea nayo. Lakini kabla ya kuimba, nunua sado jipya. Ni bei ndogo sana kulinganisha na unachokipoteza.

Mnunuzi wa mazao naye asijifiche nyuma ya muuza dagaa. Anayemlazimisha mkulima kujaza gunia la lumbesa, kilemba kikapanda juu ya mdomo wa gunia na kushonewa kamba, anachukua jasho la mwenzake bila kulilipa, na kumtolea Mungu zaka ya jasho hilo hakulisafishi. Msimu wa pamba dhambi inatoka pande zote mbili: mizani inachezewa upande mmoja, na upande wa pili mkulima anamwagia pamba maji au anachanganya mchanga ili uzito upande. Wote wawili wanakutana ibadani, wanapeana mikono na kutakiana amani. Mimi naona amani ile ingekuwa ya kweli zaidi kama ingeanzia kwenye mizani. Anayetaka kujua kama mbingu imetangulia katika maisha yake, asipime kwa urefu wa sala yake. Apime kwa kilo.

Katika jambo la kufunga duka, Wasabato wa mkoa huu wametutangulia, na hilo tulikiri bila wivu. Ijumaa jua likianza kuzama mlango unafungwa, na Jumamosi hata kama mteja amesimama nje na noti mkononi, haufunguliwi. Huko ni kusema kwa vitendo kwamba kuna saa ambazo fedha haziruhusiwi kupiga hodi. Wewe wa Jumapili ambaye unatoka kanisani kabla ya baraka kwa sababu lori la mzigo limefika, jifunze hapo.

Hatua nyingine ifanyie hapa hapa Bunda, hospitali ya Manyamanyama. Nenda jioni, saa ya kuona wagonjwa. Utawakuta ndugu wamekaa nje juu ya khanga, chupa ya uji ubavuni, mmoja ameshika simu na kupiga hesabu: rufaa ya Musoma itagharimu kiasi gani, na kama ni Bugando, Mwanza, nauli ya wawili itapatikana wapi. Anawapigia ndugu na waumini wenzake. Huyu anasema mambo yamebana, yule anasema atamwombea. Subiri sasa mgonjwa yule afariki. Kabla jua halijazama daftari limefunguliwa, turubai limepatikana, basi limekodiwa, jeneza ni la vioo, kamati ya chakula imekaa, na fedha zilizokosekana kwa wiki mbili zimepatikana kwa saa mbili.

Maagizo hapa ni mafupi: toa rambirambi yako mgonjwa akiwa bado anapumua. Fungueni daftari lile lile, mteue mweka hazina yule yule, mpitishe jina kwa jina kwa ukali ule ule tunaoutumia msibani. Mathayo sura ya 25 inaeleza hukumu ya mwisho, na orodha yake ina wenye njaa, wenye kiu, wageni, walio uchi, wagonjwa na wafungwa. Jeneza la vioo halimo. Napenda sana tunavyozikana huku kwetu, hakuna anayezikwa peke yake, na nisingependa desturi hiyo ife. Ninachotaka ni upendo ule ufike mapema, wakati mwenyewe anaweza kuunywa pamoja na uji.

Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati, mkoani kwetu, mwaka 1934 walilielewa hilo. Walikuja kuhubiri mbingu, na kwa sababu hiyo hiyo wakajenga hospitali.

Ukitaka mfano wa aliyeshika madaraka makubwa na bado akajua kuyaweka chini, nenda Butiama. Kijana wa Chifu Nyerere Burito alibatizwa mwaka 1943 akachukua jina la Julius, na kwenda misa kukawa sehemu ya siku zake hata alipokuwa Ikulu. Mwaka 1966 alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari yake, akarudi kijijini kulima. Sera zake zina wakosoaji, na baadhi yao wana hoja nzito kuhusu uchumi ulivyoyumba. Lakini fedha na cheo havikumfunga kamba, na jimbo Katoliki la Musoma lilipoanzisha mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenye heri, lilikuwa na cha kuonyesha. Mzee wa kanisa anayegombea kubaki kwenye kamati kwa mwaka wa ishirini atembelee kaburi lake Butiama, halafu arudi akabidhi funguo.

Kuna njia mbili za uongo, na ni lazima nizitaje maana zimeua watu. Moja inaahidi kwamba ukikanyaga mafuta utapata gari. Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa wakisukumana kukanyaga mafuta ya upako. Ile ni dunia iliyovishwa kanzu ya mbingu. Njia ya pili inasema mwili hauna maana, acha chakula, acha shule, acha hospitali, ukakutane na Yesu. Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ikiwamo ya watoto wengi. Mchungaji akikuambia usimpeleke mtoto hospitali kwa sababu ya imani, mbebe mtoto mgongoni, panda bodaboda, mwambie dereva akupeleke Manyamanyama moja kwa moja. Unamtii Mungu unapofanya hivyo.

Hatua ya mwisho inahusu siku ambayo utahama kweli. Andika wosia. Wanaume wa Mara tunaimba kwamba dunia si kwetu, kisha tunakufa na kumwacha mjane akivutana na shemeji zake juu ya shamba alilolilima mwenyewe, bati za nyumba zinahesabiwa na matanga hayajaisha. Ukijua kusoma na kuandika, sheria ya mila inataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea wosia na kuutunza. Mtaje mke wako kwa jina, mtaje kila mtoto, wa kike na wa kiume, taja deni unalodaiwa dukani na mbuzi wa jirani uliyemkopa. Shahidi asiye wa ukoo anaweza kuwa mzee wa kanisa. Mwombe Jumapili hii, ibada ikiisha, kabla hajawasha pikipiki.