Mizani ya Bucha na r ya Mtafiti

Ukitaka kujua uwiano, anzia buchani. Nunua nyama kwa mizani inayoongeza gramu 200 kwa kila kilo, kisha ipime tena kwa mizani ya haki. Rudia kwa nusu kilo, kilo mbili, kilo tano. Ukikokotoa uwiano wa mizani hizo utapata r ya 1, uwiano kamili kabisa, na kila mara umeibiwa.

Sasa rudi kwenye utafiti wako. Umelinganisha kipimo kipya cha presha na cha zamani, r imetoka 0.9, umeshaanza kuandika kwamba vinakubaliana. Weka kalamu chini. Uwiano unasema kimoja kikipanda na mwenzake hupanda. Kama vinasoma namba ileile, hilo haliko ndani yake. Makala za namna hii hunikera, maana kifaa chenyewe hatimaye hufika kitandani kwa mgonjwa.

Martin Bland na Douglas Altman walilionyesha jambo hili mwaka 1986 katika jarida la Lancet. Watu 17, ndugu na wafanyakazi wenza wa Bland, walipuliza vifaa viwili vya kupima kasi ya pumzi, kikubwa na kidogo. r ikawa 0.94. Wengi wangeishia hapo wakipongezana. Wao walifanya hesabu ya kutoa, mtu mmoja mmoja, wakaona kifaa kidogo kinaweza kusoma lita 80 kwa dakika chini ya kikubwa, au 76 juu yake. Kwa mwenye pumu hiyo si tofauti ya kufumbia macho.

Basi nawe toa. Tafuta wastani wa tofauti, kisha nenda mikengeuko sanifu miwili juu yake na miwili chini. Hapo ndipo tofauti nyingi zitakapoangukia. Ni kazi ya jioni moja.

Usichanganye watoto wa chekechea na wacheza mieleka ili r ipae. Itapaa kweli, kwa kuwa watu wametofautiana mno. Kifaa kitabaki na ubovu wake. Wala thamani ndogo ya p ya uwiano huo isikuvimbishe kichwa: vifaa viwili vya kupima kitu kimoja vikikosa uwiano, hayo ndiyo maajabu.

Na kabla hujawasha kompyuta, nenda wodini ukamuulize daktari: tofauti ya kiasi gani itamfanya abadilishe dawa? Iandike namba hiyo kwanza, ndipo upime.