Mbele Kumi, Nyuma Tisa

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikakomea hapo, kwa sababu mbele kuna maji. Tangu hapo mzigo usiopanda treni wala boti ni juu ya matairi, na ndiyo maana mtu wa kwetu hulitazama gari kuanzia chini. Rangi si hoja. Matairi yakiwa makubwa mwenye gari huitwa bosi, hata kama gari lenyewe ni la mkopo.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana pikapu la Land Cruiser, lile la mkonga, lenye injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Hubeba dagaa wakavu wa Kibirizi kuwapeleka Manyovu, akarudi na maharage. Gari lilikuwa na matairi ya 265/75 ya rimu 16, matairi ya adabu, yasiyomsumbua mtu. Kisha akaona mahali pikapu kama lake limevaa 315/75, na usingizi ukamhama. Pesa ya dagaa ikageuka mpira.

Sitaki kuwa mchoyo wa sifa: lilipendeza. Lilisimama kama beberu juu ya kichuguu. Pale Mwanga watu walimpa mkono wa hongera utadhani kaoa. Hakuna aliyeuliza habari za difu, kwa sababu difu haionekani mpaka uiname, na bosi hainami.

Aliyeuliza ni mlima. Ukishapita Mwandiga, barabara ya Manyovu huanza kupanda kuelekea Kalinzi, na haikuombi radhi. Ziwa lenyewe liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo injini isiyo na turbo huanza safari ikiwa imeshapunguziwa hewa kidogo, na kila ukipanda inazidi kuhema. Mlima uliokuwa wa gia ya tatu ukataka ya pili. Gia ya tano ikawa pambo. Tulipitwa na bodaboda iliyobeba mkungu wa ndizi na mama mmoja, na yule mama aligeuka akatutazama kwa huruma, hali tuko juu kuliko yeye karibu mita moja.

Tulipofika kwenye tambarare ya kijiji, shemeji akashusha mwendo hadi 50 kamili, kama sheria inavyotaka, akapigwa tochi. Akaapa kwa Mungu kwamba mshale ulikuwa kwenye 50. Na kweli ulikuwa hapo. Askari naye alikuwa sahihi. Faini ikalipwa, shilingi 30,000, na njia nzima nikawa nasikiliza hotuba juu ya dhuluma.

"Shemeji, wewe si mwalimu wa hesabu?" akaniuliza mwishoni. "Hili gari limerogwa au lina nini?"

Nimefundisha hesabu Ujiji mpaka nikastaafu, na hilo lilikuwa swali la kwanza la uwiano ambalo mtu aliniuliza kwa hiari yake. Nikachukua kalamu. Tairi la 265/75 lina kimo cha milimita 804. La 315/75 lina 879. Kubwa limezidi kwa asilimia 9 na nukta. Kila mzunguko mmoja gari linakwenda mbali zaidi, ila spidomita haina habari: yenyewe ikisema 50, barabara inasema karibu 55. Na kile kilichoongezeka kwenye hatua kimepungua kwenye nguvu. Tairi kubwa ni mpini mrefu ulioshikwa upande usiofaa. Ili kurudisha mambo mahali pake, difu yake ya 4.1, yaani propela mizunguko 4.1 kwa mmoja wa magurudumu, ilitakiwa iwe 4.48.

Difu ya 4.48 haiuzwi. Iko ya 4.3 na iko ya 4.56, chagua.

Hapo kijiwe cha kahawa kikaingia kazini. Waendao Kasulu walitaka 4.3: gari litatulia kwenye mwendo, halitapiga kelele, dizeli itabaki kwenye tangi. Waendao Manyovu walitaka 4.56: injini itazunguka zaidi na itakunywa zaidi, lakini mlima utapandwa na mzigo ukiwa mgongoni. Mzee mmoja aliyewahi kuunda boti alitaka matairi ya zamani yarudishwe, akazomewa. Mimi nilikuwa upande wa 4.56, kwa sababu gunia la dagaa halisikilizi nadharia.

Kabla ya kuagiza, fundi alitaka kuhakikisha gari lina difu gani. Kazi hiyo haihitaji kufungua kitu. Unaweka gia huru, unainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, unapiga alama ya chaki, unalizungusha mara mbili huku mwenzako anahesabu mizunguko ya propela. Mara mbili, kwa sababu gurudumu la pili limekanyaga chini na difu humpa aliye huru haki ya wote wawili. Kijana wa gereji akazungusha mara moja, akatoka uvunguni akiwa na furaha: "Difu ya mbili, fundi!" Difu ya mbili kwenye pikapu lile ingetaka kichwa cha treni kivute. Likazungushwa tena, propela ikapiga minne na kipande kidogo. Sawa: pinioni ya meno 10, krauni ya meno 41. Niliwaeleza uzuri wa 41, kwamba haigawanyiki kwa namba nyingine, hivyo kila jino la pinioni hukutana na kila jino la krauni kwa zamu na hakuna linaloonewa. Watu wakaagiza kahawa nyingine, si kwa furaha.

Difu ya nyuma ya 4.56, meno 9 kwa 41, ikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ya mbele haikuja. Ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma, haziazimani, na bei yake ilimfanya shemeji aseme neno ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye gari la forwili: "Ya mbele ya nini? Gari linasukumwa na nyuma." Fundi, kwa kuwa alikuwa analipwa kwa difu, alipinga kidogo tu.

Hata oili namba 90 ilikuwa ipigwe chenga, mafuta yale ya zamani yachujwe yarudi. Mzee wa boti akasimama. "Wajerumani mwaka 1916 waliizamisha meli yao Götzen wenyewe kwa makusudi," akasema, "na bado waliipaka mitambo grisi kwanza. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, ndiyo Liemba. Wewe gari unataka liende Manyovu, halafu unabania oili?" Oili ikanunuliwa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mchanga wa Kibirizi. Gari lilinasa na mzigo, shemeji akafunga habu, akavuta forwili, likatoka likilalamika. Mchanga una huruma, unaruhusu gurudumu kuteleza. Akasahau kuitoa, akapanda lami. Sasa piga hesabu: 41 kwa 9 ukigawanya kwa 41 kwa 10, jibu ni 10 kwa 9, bila masalio. Magurudumu ya nyuma yakizunguka mara 9, ya mbele yanadai 10, na lami hairuhusu kuteleza. Usukani ukawa mgumu, chini kukatoka mlio wa mlango wa jela, matairi yakalia, gari likasimama katikati ya njia likigombana na nafsi yake. Hendeli ya forwili ikagoma kurudi. Wavuvi wakakusanyika. Mmoja akashauri lisukumwe, mwingine likatwe. Dawa ilikuwa kurudi rivasi hatua chache ili msokotano ulegee, na shemeji akaukataa ushauri huo mpaka ulipotolewa na mtu ambaye si shemeji yake.

Difu ya mbele ikaagizwa usiku uleule.

Siku hizi linapanda Kalinzi kwa gia ya tatu, mshale wa spidomita unasema uongo mdogo wa upande wa heri, na tochi haina neno naye. Juzi jirani yetu abebaye mawese alilizunguka gari mara kadhaa, akauliza limegharimu kiasi gani. Shemeji akamsomea yote: matairi, difu ya nyuma, difu ya mbele, oili, fundi, nauli ya basi.

"Aa," jirani akasema, mkono uko kwenye tairi. "Mimi niambie bei ya matairi tu. Difu nitaangalia baadaye."