Modemu Tatu, Anwani Moja

Katika ufundi wa kompyuta mkoani Kigoma, fedheha iliyo mbichi kuliko zote ni ile ya fundi anayechomeka modemu tatu zinazofanana kwenye kompyuta ya steshenari, wateja wakiwa foleni na fomu zao za mkopo wa chuo, kisha kompyuta hiyo, inayoendeshwa na Linux, ikaitumia moja tu na kuzipuuza mbili, huku mwanafunzi aliyefuata fotokopi akishauri kwa upole kwamba zichomolewe, zichomekwe upya.

Ushauri huo haufui dafu, kwa sababu kasoro imo ndani ya kifaa chenyewe. Modemu nyingi za USB zinapochomekwa hujitambulisha kwanza kuwa diski yenye programu za Windows, wala haziachi udanganyifu huo mpaka programu iitwayo usb_modeswitch izipelekee amri ya kubadilika. Baada ya hapo baadhi yake hugeuka kuwa kadi ya mtandao yenye ruta ndogo tumboni, ambayo hujipa anwani ya 192.168.8.1 na kuigawia kompyuta 192.168.8.100. Kila kadi ya mtandao hutarajiwa pia kuwa na anwani ya MAC, yaani namba ya biti 48 inayoitofautisha na kadi nyingine. Kwa kawaida nusu ya kwanza kiwanda hupewa na taasisi ya IEEE na nusu ya pili hujipangia chenyewe, hivyo fungu moja tu hutosha vifaa 16,777,216. Pamoja na ukwasi wote huo, zipo modemu ambazo kiwanda kimezipa zote namba ileile. Matoleo ya Linux kama Debian huviita vifaa hivyo kwa herufi enx zikifuatwa na MAC, kwa hiyo modemu ya kwanza hupata jina, na zinazofuata hulikuta limekwisha chukuliwa, zikabaki na majina ya muda. Mwanahabari Stanley alipomfikia mvumbuzi Livingstone pale Ujiji, mkoani humuhumu, mwaka 1871, alikuwa na kazi nyepesi, kwa kuwa Mzungu mjini alikuwa mmoja. Angewakuta watatu wenye sura moja, kofia moja na jina moja, salamu yake ya “Dakta Livingstone, nadhani?” isingeingia katika historia.

Dawa ni kuandika kanuni ya udev, mfumo unaovipa vifaa majina, ili kila modemu iitwe kwa tundu ilimochomekwa, kisha kuitengea kila moja nafasi yake ya mtandao, yaani eneo ndani ya Linux lenye njia na anwani zake pekee, ambamo 192.168.8.1 tatu haziwezi kugombana. Dawa hiyo hudumu mpaka mfagiaji achomoe modemu na kuzirudisha kwenye matundu yasiyo yake. Kitovu cha USB kisicho na umeme wake nacho huzizima kwa zamu, maana tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500 tu.

Linaloudhi ni kwamba kiwanda hakikushindwa kutofautisha. Kwa upande wa mnara wa simu, kila modemu hubeba namba ya IMEI ya tarakimu 15 isiyotakiwa kurudiwa. Ni kwa upande wa mnunuzi tu ambako zote zimefanywa kuwa moja, pengine kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mnunuzi hatamudu zaidi ya moja. Laini iliyomo ndani ya modemu hiyo haisajiliwi bila alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Katika mkoa huu unaopakana na Burundi na kuitazama Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kukipata kitambulisho hicho kumekuwa chanzo cha malalamiko ya siku nyingi, kwani mwombaji huweza kuhojiwa babu yake alizaliwa upande upi, na mzee aliyevua dagaa ziwani humo maisha yake yote akatakiwa kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Modemu haikuulizwa lolote na mtu yeyote, nayo iliingia nchini ikiwa na utambulisho wa kuazima.