Barua ya Wazi kwa Waziri Aliyetolewa Upepo

Kwa Mheshimiwa Lewis Silkin,
Waziri wa Mipango ya Miji na Vijiji wa Uingereza (1945–1950),
S.L.P. Ahera.

YAH: MAPUMZIKO YA MUME NA MKE KATIKA MJI WAKO WA STEVENAGE

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni mume na mke, Watanzania tunaoishi London. Wenzetu wakipata wikiendi ndefu huenda Paris kupiga picha. Mimi nilipendekeza Cambridge, nikapuuzwa. Mama watoto ni mwanasheria, na alipokuwa chuo kikuu alilala na kuamka na kesi yako ya mwaka 1947, Franklin dhidi ya Waziri wa Mipango ya Miji na Vijiji. Akasema lazima aone mahali ilikotokea. Ukishaoa mwanasheria, rufaa hakuna.

Safari yenyewe ni chini ya nusu saa kwa treni ya haraka kutoka King's Cross. Hotelini, binti wa mapokezi aliuliza tumeletwa na kazi gani. Tulipojibu tumekuja kupumzika, akauliza kwa huruma kama treni yetu imeharibika njiani.

Naomba kuwasilisha malalamiko. Mji wako haumpotezi mtu. Mume na mke wakienda mapumzikoni wanahitaji kupotea, walaumiane kidogo juu ya ramani, kisha wapatanishwe na chai. Hapa ukishuka stesheni unafuata njia ya miguu mpaka katikati ya mji bila gari kukugusa, kwa kuwa mlipanga tangu mwanzo kwamba pale patakuwa pa waenda kwa miguu watupu, na Malkia Elizabeth akaja kupafungua mwaka 1959. Sisi tuliozoea kuvuka barabara kwa dua tulijiona tumenyang'anywa ibada.

Hapo uwanjani ipo sanamu ya shaba ya mchongaji Franta Belsky, mama kambeba mtoto mgongoni. Mke wangu aliizunguka kwa umakini wa fundi cherehani, akauliza kanga iko wapi. Mtoto yuko tu mgongoni, na mama mwenyewe anafurahi! Mlipanga shule, mitaro na maegesho, Mheshimiwa, mkasahau mbeleko.

Halafu baiskeli. Mhandisi wenu Eric Claxton alitandaza njia za baiskeli mji mzima, na kwenye vipilefti akazipitisha chini kwa chini ili mwendesha baiskeli asionane na lori hata siku moja. Kazi safi sana. Bahati mbaya na barabara za magari zikawa safi vilevile, pana, hazina foleni. Wananchi wakapima pande zote mbili, wakapanda magari. Na mtoto wa mji huu wa baiskeli anayejulikana kuliko wote duniani ni Lewis Hamilton, mzaliwa wa 1985, bingwa wa dunia wa mbio za magari mara saba. Amechukua jina lako, mwendo wako hakuutaka.

Vile Vilima Sita, makaburi ya enzi za Warumi yaliyo kando ya barabara, mliviacha vilivyo. Nadhani ni kwa sababu waliomo ndio wakazi pekee ambao hawakuandika pingamizi.

Wengine waliandika. Mei 1946 ulikwenda mwenyewe kuwaeleza kwamba mji wao mdogo na mashamba yake vitageuzwa mji wa watu 60,000, ili watu wa London waliobomolewa nyumba na mabomu na kubanana vyumbani wapate pa kuishi. Wewe mtoto wa muuza duka wa Poplar, mashariki mwa London, ulijua kubanana ni nini. Walikuzomea. Ukawajibu kwamba kuzomea hakutasaidia, jambo litafanyika. Gari lako likatolewa upepo matairi na kutiwa mchanga kwenye tangi la petroli. Baadaye kibao cha stesheni kikabandikwa jina jipya, Silkingrad, kana kwamba wewe ni Stalin. Kisha wakaenda mahakamani kudai kwamba ulikuwa umeshaamua kabla ya kuwasikiliza. Mahakama Kuu ikawapa ushindi, Mahakama ya Rufani ikauondoa, na House of Lords, mahakama ya juu kabisa wakati huo, ikamaliza kwa kusema kuwa waziri si hakimu. Inatosha ayatafakari mapingamizi kama sheria inavyotaka.

Ulitafakari, mji ukajengwa. Tulitembea Bedwell jioni: nyumba za kawaida kabisa, kila moja na kibustani chake, na mtaa una maduka yake, shule yake na baa yake, mlevi asilazimike kuvuka mji. Waingereza wengi huicheka miji ya aina hii. Nimechunguza wanaocheka, aghalabu ni watu waliorithi nyumba.

Mke wangu yeye hakucheka. Alikaa kwenye benchi akasema, "Baba watoto, hawa walishindwa, lakini tazama walivyoshindwa. Walipewa mkutano, wakazomea, ukafanyika uchunguzi wa hadhara, kisha mahakama tatu." Nikajua mapumziko yamekwisha.

Maana mwaka huohuo kesi yako ikisikilizwa, serikali yenu ileile ya Waziri Mkuu Attlee ilikuwa inaingiza matrekta Kongwa, Tanganyika, kufyeka pori ili ilimwe karanga na Mwingereza apate mafuta ya kula. Nao ulikuwa mpango wa serikali, una ramani na wataalamu. Sisi hatujawahi kusoma kesi ya Mgogo wa Kongwa dhidi ya Waziri. Kwa hiyo pingamizi liliwasilishwa na ardhi yenyewe: mibuyu ikavunja mitambo, kiangazi udongo ukakakamaa hata karanga zikakataa kung'oka, mvua nazo zikagoma. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Wenyeji wa Stevenage walikutilia konzi ya mchanga kwenye tangi la petroli. Sisi tulitumia wilaya nzima.

Kwa barua hii, Mheshimiwa, mke wangu anaomba apatiwe muhtasari wa mkutano wa hadhara uliofanyika Kongwa kabla ya trekta la kwanza kuingia, pamoja na orodha ya waliohudhuria na waliozomea. Ada ya kudurufu tutalipa. Iwapo jalada halionekani, tunaomba tujulishwe hivyo kwa maandishi, kwenye karatasi yenye nembo ya serikali na mhuri.

Wako katika ujenzi wa miji,

Mume wa mwombaji.

Nakala: Mheshimiwa John Strachey, Waziri wa Chakula (1946–1950), mwenye mpango wa karanga, ambaye bila shaka mnaishi naye jirani.